Mchezo Usio na Watazamaji: Kuvaa Uhusika, kutoka Beni hadi Meza ya Mtwara

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi aliyepita darasa la sanaa za maonyesho anayajua mambo manne kwa moyo: pawe na dhana inayotendeka, pawe na mtendaji, pawe na uwanja wa kutendea, na pawe na watazamaji. Mambo haya yaliwekwa bayana na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), na tangu hapo vizazi vya wanafunzi tumeyaandika katika mitihani bila kuyahoji. Makala haya yanakusudia kulihoji moja tu, nalo ni hilo la nne. Iwapo wote waliopo ni watendaji, na hakuna aliyekaa pembeni kutazama, je, kinachotendeka ni sanaa au ni kupoteza muda tu?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Lilinikuta mezani, hapa Mtwara, katika chumba cha hosteli. Tulikuwa wanne, tuna karatasi, kalamu na dadu tatu tulizoziazima kwenye boksi la ludo. Mwenzetu wa tano akasimama mlangoni, akatutazama dakika kumi nzima, kisha akasema: "Sasa nyie mnacheza nini? Mbona sioni kitu?" Alikuwa na haki. Kwa mtu aliyesimama mlangoni hapakuwa na kitu cha kuona. Palikuwa na watu wanne wanaongea.

Asili ya mchezo wenyewe

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo wa kuvaa uhusika unachezwa hivi. Mmoja anakuwa msimulizi, anaweka mandhari na tatizo. Kila mmoja wa waliobaki anajitungia mhusika, anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani dadu inaamua. Hakuna maandishi ya kukariri wala mwisho uliopangwa. Hadithi inazaliwa palepale kwa vinywa vya waliopo.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kibiashara ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukiitwa Dungeons & Dragons. Wao waliurithi kutoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambayo nayo mizizi yake inafika Prussia mwanzoni mwa karne ya 19, ambako maofisa wa jeshi walijifunza vita kwa vipande na ramani chini ya mfumo wa von Reiswitz. Jipya lililoletwa mwaka 1974 ni hili: badala ya mchezaji mmoja kuongoza kikosi, mchezaji mmoja alipewa mtu mmoja. Askari asiye na jina akapata jina, na aliyepata jina akapata hadithi.

Baadaye michezo hii iliangukia mikononi mwa makampuni yenye vitabu vinene na bei kubwa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, watunzi huru kama Ron Edwards na Vincent Baker walianza kuandika na kuchapisha yao wenyewe, midogo, yenye kuhoji kila kanuni ya wakubwa. Fiasco ya Jason Morningstar (2009) ilimwondoa hata msimulizi. John Harper mwaka 2013 alitoa mchezo mzima katika ukurasa mmoja, Lasers & Feelings. Huo ndio tuliouchukua sisi, maana ukurasa mmoja hata mwanafunzi wa mkopo anaweza kuupiga chapa.

Beni: gwaride lililogeuzwa

Hapa ndipo lawama inapoanza. Tumeambiwa kwamba tunaiga Wazungu. Lawama hii si ngeni katika pwani yetu, na ina historia inayofaa kukumbukwa.

Katika miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa ulizuka mchezo wa ngoma ulioitwa beni, jina lililotokana na bendi ya Kizungu. Terence Ranger ameufuatilia kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika Mashariki. Beni ilienea Tanganyika yote kwa vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, na ilibebwa na makarani, maaskari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kusini hapa vita hiyo haikuwa habari ya mbali. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaishika Newala, na kabla ya mwaka kwisha wakafukuzwa. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck naye akauvuka mto huohuo kuingia Msumbiji, na nyuma yake msururu wa maaskari na wapagazi Waafrika.

Sasa tutazame beni kwa jicho la mhakiki. Mwanachama hakucheza ngoma tu, alipewa cheo. Palikuwa na Kingi, majenerali, madaktari, na kwa wanawake vyeo vyao. Mtu aliyeshinda kutwa akiamrishwa, jioni alikuwa jenerali, na wenzake walimpigia saluti. Tena cheo hicho hakikuishia uwanjani: wanachama walisaidiana katika ugonjwa na mazishi, na mgeni aliyefika mji mwingine alipokelewa na chama chake. Ranger alikataa kuiona beni kuwa uigaji mtupu. Watu walichukua gwaride, chombo cha kuwaamrisha, wakalifanya lao.

Tuone basi ulinganifu uliopo. Mchezo wa Marekani ulitoka katika mafunzo ya maofisa wa Prussia. Beni ilitoka katika bendi na gwaride la wakoloni. Yote miwili ni zana ya jeshi iliyookotwa na raia na kugeuzwa kuwa njia ya kuwa mtu mwingine. Kwa upande wa tarehe, beni imetangulia kwa miaka 80 hivi. Anayesema kwamba kuvaa uhusika ni ugeni kwetu, hajaiuliza pwani.

Hata hivyo, tusiipambe beni kupita kiasi. Mashindano yake yalikula fedha za sare na karamu, na vyeo vyake vilirudia ngazi zilezile za wakubwa na wadogo. Vilevile mapiko ya Wamakonde, ambamo mchezaji anavaa kinyago na kuacha kabisa kuwa yeye, yalikuwa kwa jadi siri ya waliotoka jandoni, na wanawake waliwekwa nje ya siri hiyo. Kuvaa uhusika kunafungua mlango, lakini mara nyingi kuna mtu kakaa mlangoni.

Mueda: umati ulioigiza umati

Mfano wa pili unatoka ng'ambo ya Ruvuma. Tarehe 16 Juni 1960, watu walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno huko Mueda, wakidai kusikilizwa. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka upande wa Tanganyika kuja kuzungumza, walikamatwa, na askari wakaufyatulia risasi umati. Idadi ya waliokufa ingali inabishaniwa: Frelimo imetaja 600, wengine wametaja pungufu sana.

Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, tukio hilo likawa linaigizwa palepale lilipotokea. Mwaka 1979 Ruy Guerra aliligeuza igizo hilo kuwa filamu, Mueda, Memória e Massacre. Katika filamu hiyo Waafrika wanawaigiza Wareno, na wanawaigiza kwa kejeli kiasi kwamba watu wanacheka, hali wanajua kicheko hicho kinaelekea wapi. Katikati ya igizo walionusurika wanatoa ushahidi wao.

Hebu tujiulize: katika uwanja ule, watazamaji ni nani? Umati wa Mueda ulikuja kuutazama umati wa Mueda. Aliyesimama pembeni naye ni sehemu ya igizo, kwa kuwa mwaka 1960 watu walisimama hivyohivyo. Jambo la nne, watazamaji, halijatoweka. Limemezwa na la pili. Augusto Boal wa Brazili, aliyechapisha kitabu chake juu ya tamthilia ya wanaokandamizwa mwaka 1974, alidai kwamba mtazamaji avuke mstari awe mtendaji. Huku Ruvuma mstari wenyewe ulikuwa umefutika.

Meza yetu

Turudi sasa hosteli. Mchezo wa Harper unahusu chombo cha angani. Sisi tulikiacha angani tukahamia bandarini, mwaka 1954, mwaka ambao bandari ya Mtwara ilifunguliwa. Msomaji anakumbuka kisa chake: gati hili la kina kirefu, na reli ya kwenda Nachingwea, vilikusudiwa kwa Mradi wa Karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Kwa hiyo bandari ilifunguliwa karanga zikiwa hazipo.

Mimi nilikuwa msimulizi. Wenzangu walivaa uhusika wa kuli, karani aliyesoma misheni Masasi, na mama muuza uji getini. Kanuni ni nyepesi. Kila mhusika ana namba moja, kuanzia 2 hadi 5. Kwa kazi ya Mikono, dadu ishuke chini ya namba yako. Kwa kazi ya Maneno, ipande juu yake. Ukizidi upande mmoja umepungua upande wa pili. Lakini dadu ikiangukia namba yako kamili, una haki ya kumwuliza msimulizi swali moja, naye lazima akujibu kweli.

Kuli alikuwa anataka kuwaandikia wadogo zake wa Newala waje kutafuta kazi. Dadu ikaangukia namba yake. Akaniuliza: "Hii reli itadumu miaka mingapi?"

Niliijua historia. Reli ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nikajibu: "Haifiki kumi." Chumba kikanyamaza. Mama muuza uji akasema papo hapo kwamba harudi tena kukopa hela ya sufuria la pili. Sote tukadhani kuli naye atachana barua. Yeye akasema: "Andika, karani. Waambie waje. Miaka kumi ni mingi kwa mtu mwenye njaa."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu Mradi wa Karanga, na karibu zote zinauita kushindwa. Ni kweli ulishindwa, kwa daftari la hesabu la London. Sijawahi kusoma ukurasa unaouliza mradi ulikuwa nini kwa kuli aliyelipwa mshahara miaka ile, akajua au asijue kwamba utakoma. Swali hilo lilitoka kinywani mwa mchezaji, wala si kwangu niliyesoma.

Mchezo ukaishia hapo, mjadala ukaanza. Mwenzetu aliyekuwa mama muuza uji alikasirika kwelikweli. Akasema kuli amefanya kosa lile lile la siku zote: kupokea cha muda na kunyamaza juu ya cha kudumu. Akaikumbusha Mei 2013, mji huu ulipokumbwa na ghasia za bomba la gesi ya kupelekwa Dar es Salaam, na watu wakafa. Sote tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati ule. Kila mmoja alikuwa na kumbukumbu ya mlango uliofungwa. Tulibishana hadi saa saba usiku. Mpaka leo hatujakubaliana, na yeye hajamsamehe kuli.

Pingamizi

Kuna pingamizi moja zito. Mueda wanajua mwisho. Hakuna anayeweza kuuigiza ukawa mwingine. Mezani mwisho uko wazi. Je, hatuichezei historia kwa maana mbaya? Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile (1969) alionya kwamba shujaa wake ni mtu wa sanaa na si yule wa historia. Sisi hatuna dibaji ya kuonyea. Tulichokubaliana ni sheria moja: matukio makubwa hayaguswi. Reli itang'olewa, dadu iseme isiseme. Linalochezwa ni lile ambalo nyaraka hazikuliandika, yaani mtu mdogo aliamua nini kabla ya mwisho kufika.

Hitimisho

Sidai kwamba Muhando na Balisidya walikosea. Nadai kwamba jambo la nne lisomwe upya: watazamaji wapo, ila wanaweza kuwa ndani ya watendaji wenyewe. Nilipomjibu kuli "haifiki kumi," nilikuwa mtendaji. Alipoamua kuandika barua, nilikuwa mtazamaji, tena niliyeshtuka.

Yule mwenzetu wa mlangoni alirudi wiki iliyofuata. Safari hii hakusimama mlangoni. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akauliza kama bandarini kuna nafasi ya mvuvi wa Msangamkuu. Tukampa karatasi.