Skaneri yenye kontrasti: figo ziulizwe kwanza

Munganga akiandika skaneri, jamaa wengi huuliza bei. Swali la figo hubaki nyuma, hata kama karatasi imesema wazi "na kontrasti".

Kontrasti ya skaneri ni dawa yenye iodi inayodungwa kwenye mshipa ili mishipa ya damu, ini ao uvimbe uonekane vizuri kwenye picha. Mgonjwa husikia joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, hata kudhani amejikojolea. Hayo hupita kwa dakika chache na hayahusu figo. Kinachohusu figo hakisikiki: dawa hiyo inatoka kwa njia ya mkojo. Figo zikiwa nzima, karibu yote inatoka ndani ya saa 24. Zikiwa zimechoka, inakawia.

Zikiumia, kreatinini, uchafu ambao figo hutoa kwenye damu, hupanda ndani ya siku 2 ao 3. Mara nyingi inashuka tena kabla ya wiki 2. Lakini kwa mwenye figo mbovu tangu mbele inaweza kufika kwenye dialisi, na dialisi katika mikoa ya mashariki iko mbali na watu wengi, tena ni ghali.

Je, watu waogope? Si hivyo. Kwa miaka mingi kontrasti ilibebeshwa kosa zaidi ya lake. Watafiti walipolinganisha waliodungwa na wasiodungwa, waliona kwamba wengi wangeumia figo vilevile, juu ya maambukizi ao kukosa maji mwilini. Mwaka 2020, vyama viwili vya Marekani, cha wataalamu wa picha na cha figo, vilikubaliana kwamba hatari inawahusu hasa wale ambao uwezo wa figo kuchuja uko chini ya 30. Labo inahesabu namba hiyo kutokana na kreatinini, umri na jinsia. Kijana mwenye afya huwa karibu 100.

Kwa hiyo mwenye sukari, mwenye presha ya muda mrefu, ao aliyeharisha na kutapika siku hizo aseme mbele ya sindano. Anayemeza metformini aseme pia, kwani figo zikiwa dhaifu dawa hiyo husimamishwa kwa saa 48. Na vidonge vya maumivu! Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa farmasi ya mtaani bila karatasi, basi haviandikwi kwenye fishi, na munganga hawezi kuvijua. Vyenyewe vinabana figo. Dawa za mizizi nazo zitajwe bila haya.

Kinga yenyewe ni ya kawaida: kontrasti kidogo inayotosha, na serumu ya chumvi kwa mwenye hatari. Asetilisisteini, iliyopewa sifa kubwa zamani, haikusaidia kitu katika jaribio la 2018 lililochukua karibu wagonjwa 5,000.

Kuna pia skaneri isiyohitaji kontrasti, sawa ile ya kichwa baada ya ajali ya pikipiki. Na pale damu inapovuja tumboni, wanganga hawangojei kreatinini, uhai unatangulia.

Baada ya picha, mwenye figo dhaifu arudi labo kisha siku 2 ao 3. Mkojo ukipungua ao miguu ikivimba, asingojee hiyo siku.