Dira Ndani ya Kibanda

Katikati ya karne ya 19, mtaalamu wa viumbe Alexander von Middendorff alichunguza njia za ndege wahamao nchini Urusi, akadhani kwamba ndege huihisi sumaku ya Dunia. Kwa miaka mia hivi hakuna aliyeweza kulithibitisha wazo hilo.

Uthibitisho ulianzia chumbani. Mjini Frankfurt, robini, ndege wenye kifua cha rangi ya chungwa na uzito usiofika gramu 25, walifungiwa mahali pasipoonekana jua wala nyota. Majira ya kuhama yalipofika, walirukaruka tunduni usiku wakielekea upande uleule wa wenzao walio huru. Friedrich Merkel na Wolfgang Wiltschko wakalizungushia tundu nyaya za umeme zilizohamisha upande wa kaskazini ya sumaku. Ndege nao wakageuka. Mwaka 1972, Wolfgang na mkewe Roswitha walionyesha kwamba dira hiyo si kama ya nahodha. Haitofautishi kaskazini na kusini. Husoma jinsi mistari ya sumaku inavyoinama kuelekea ardhini, ikatambua njia ya kwenda kwenye ncha ya Dunia na ya kwenda ikweta.

Kisha likaja fumbo. Katika Chuo Kikuu cha Oldenburg, Henrik Mouritsen na wenzake waliwaweka robini kwenye vibanda vya mbao. Ndege wakaruka ovyo, kila mmoja na upande wake. Watafiti walibadilisha hili na lile, wasifanikiwe. Hatimaye walivizungushia vibanda mabamba ya alumini yaliyounganishwa na ardhi kwa waya. Robini wakaijua njia. Waya ulipotolewa, wakapotea tena.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kilichowapoteza ni mawimbi dhaifu ya redio na ya vifaa vya umeme vya mjini, yaliyo chini sana ya viwango vinavyohesabiwa kuwa salama kwa binadamu. Nje ya mji, ndege walielekea vizuri bila kinga yoyote.

Kwa miaka kadhaa, basi, jaribio lililoonekana kushindwa lilikuwa likieleza habari za mji wenyewe. Robini huhama usiku, peke yake. Ana nyota na machweo ya kumsaidia, lakini mawingu yakitanda hubakiwa na sumaku. Na huko juu ya mji hakuna mtu wa kumzungushia alumini.