Jembe la Mgeni: Wakimbizi na Wanazuoni katika Nchi ya Waha

Methali inayotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu ilikuwa, kwa muda mrefu, sera halisi ya Tanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima hata wakajilisha wenyewe. Wengine hawakufika huko. Walibaki katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, kwa Waha, ambao lugha yao inakaribiana mno na Kirundi. Wakalima pamoja na wenyeji wao, wakaoa na kuolewa.

Vita vya Burundi vilivyozuka mwaka 1993, na vile vya Kongo vya mwaka 1996, vilileta wimbi jingine. Kasulu ikawa na kambi za Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Kibondo ikawa na Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago. Safari hii mgeni hakupewa jembe. Mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi liliwakusanya wageni waliokuwa wakiishi vijijini, wakiwemo waliokwisha kukaa miaka mingi, likawapeleka makambini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, na mkimbizi akakatazwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila ya kibali.

Mabadiliko hayo yaliamsha mjadala wa wanazuoni. Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1999 kwamba milango ya hifadhi barani Afrika ilikuwa ikifungwa, na sababu hazikuwa ugumu wa mioyo peke yake. Wakimbizi walikuwa wengi, usalama ulitetereka, mataifa tajiri yalipunguza mkono wao, na mfumo wa vyama vingi uliwalazimisha wanasiasa kusikiliza manung'uniko ya wapiga kura.

Katika hotuba za kisiasa neno lililotawala lilikuwa "mzigo". Beth Whitaker, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani aliyefanya utafiti katika vijiji vya magharibi, alilipima neno hilo kwa swali jingine: ni mzigo kwa nani? Jibu lake, lililochapishwa mwaka 2002, lilikuwa kwamba neema na hasara hazikugawanyika sawa. Mwenye shamba na mtaji alipata vibarua wa bei nafuu na soko la mazao yake. Fukara asiye na kitu ila nguvu zake alijikuta akishindania ujira uliokwisha kushuka. Mwaka 2010 watafiti Jennifer Alix-Garcia na David Saah walionyesha kwamba bei za vyakula visivyogawiwa kama msaada zilipanda karibu na kambi. Wakulima wa vijijini wakanufaika, wakazi wa mijini wakaumia.

Kwa hiyo neno "mzigo" lilificha mengi. Lilimchanganya aliyeneemeka na aliyedhulumika, likawaita wote kwa jina moja, kisha likajibiwa kwa dawa moja: ua.

Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mwaka 2014 Warundi wa mwaka 1972, zaidi ya 160,000, walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Lakini mpango huo uliwahusu wale wa makazi matatu. Waliojichanganya na Waha vijijini Kigoma hawakuwemo. Aliyetengwa akahesabika, na aliyekuwa jirani akasahauliwa.

Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliifungua upya Nduta. Kati ya mwaka 2018 na 2019 masoko ya pamoja ya makambini, ambamo mkimbizi na Mha waliuziana, yakafungwa. Amri iliyokusudiwa kumbana mgeni ikamfikia pia mwenyeji aliyekuja na mkungu wake wa ndizi, akarudi nao nyumbani. Walioitunga methali walilijua jambo hili mapema: jembe la mgeni humlisha mgeni, na humpunguzia kazi mwenye nyumba.