Kabla ya mkeka wa yoga: njia ya Mpwapwa na mafunzo ya mwali



Msimu wa harusi ukikaribia, swali tunaloulizwa zaidi siku hizi si la hina wala la gauni. Ni la yoga. Mabibi harusi wetu wanaona madarasa ya Paje na Jambiani, wageni wamelala juu ya mikeka ya mpira wakivuta pumzi na kuishusha, na wanasikia kwamba mazoezi yale yanatuliza moyo na kunyoosha mgongo. Wanauliza: na sisi yanatufaa? Jibu letu lilikuwa fupi, la mistari miwili. Kisha tukaenda Mpwapwa.

Tulikwenda kumpeleka mwenzetu aliyeolewa kule. Boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Mbande, halafu barabara ya Kongwa mpaka Mpwapwa, mji uliokaa chini ya milima. Mume ni Mwislamu wa hapo hapo na bibi zake ni Wagogo. Jioni ya wanawake, uani, wanaume wamekwishaondoka, wakatoa muheme. Hii ni ngoma ya Wagogo ambayo wapigaji wake ni wanawake, na asili yake inahusiana na jando na unyago. Ngoma hubanwa katikati ya mapaja, mikono ikapiga, sauti ikaimba, na mwili mzima ukafanya kazi kwa pamoja. Walitupa tujaribu. Hata dakika tano hazikufika, mapaja yanatutetemeka na pumzi zimetuishia. Bibi mmoja akatutazama akasema, "Wajukuu zangu, huko kwenu pwani mwali mnamfundisha nini siku hizi?"

Tulicheka, lakini swali lile tulirudi nalo.

Mpwapwa si mji mgeni kwa visiwa vyetu, ila tumeusahau. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na mbele zaidi mpaka Ujiji, ilipumzika hapo. Sababu ilikuwa maji. Magharibi ya Mpwapwa lilikuwapo pori kame lililoitwa Marenga Mkali, na jina lenyewe linatosha kumtisha mwenye kiu. Msafara ulijaza vibuyu, ukala, ukalala, kisha ukatirikeza, yaani ukaondoka mchana wa jua kali na kwenda mfululizo ili uvuke kabla maji hayajaisha. Waliokuwa wakirudi pwani, Mpwapwa ndipo walipopata kuosha miguu baada ya Ugogo. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na Tippu Tip wetu, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliijua vizuri kuliko wote hao. Ndiyo njia iliyoleta Uislamu katika miji mingi ya bara, ukiletwa na wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu.

Vitabu vya wasafiri vinataja bunduki, pembe za ndovu, vitambaa na hongo. Wanawake vinawataja kwa kupita tu, lakini walikuwamo. Walikuwapo wake wa wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba vyungu, chakula na watoto mgongoni, wakipika kila kambi. Na walikuwapo mateka. Hapa hatutaki kupaka maneno asali. Wanawake wengi walishuka njia hii na nyingine wakiwa watumwa, wakavushwa bahari, wakaishia katika mashamba ya karafuu na majumba ya Unguja na Pemba. Tuseme pia ukweli mwingine: wengi zaidi waliofika kisiwani walipitia Kilwa, kutoka kwa Wayao na watu wa Nyasa, kwa hiyo si kila kitu kilipita Mpwapwa. Lakini popote walipotoka, walifika mikono mitupu. Walichokuja nacho kilikuwa kichwani na mwilini: nyimbo, dawa za majani, namna ya kumkanda mzazi, namna ya kumfunda msichana.

Na hicho ndicho leo tunachokiita mila yetu ya kisiwani. Hina, udi, asumini na singo vina harufu ya Uarabuni na Uhindi, na hatubishi. Lakini unyago, ngoma ya msondo, kungwi anayemfunza mwali kukaza tumbo na kuzungusha kiuno, kuujua mwili wake, kujitunza katika hedhi, kumsoma mume na kuuzuia ulimi wake, mizizi yake iko bara. Kwa miaka mingi waungwana waliona aibu kukiri hivyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, na masuria wakasubiri mpaka 1909. Jina la kitumwa halikuondoka kwa tarehe hizo. Mke wa nyumba kubwa angemwita kungwi usiku amfunde bintiye, na asubuhi akamwita mshenzi. (Tunajua nyumba ambazo hali hiyo bado ipo. Wenyewe mnajijua.)

Aliyeitoa aibu hiyo uwanjani ni marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Dunia inamkumbuka kwa taarab, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Kisiwani tunamkumbuka pia kwa hina na unyago, ameufunga msondo kiunoni, anafundisha. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyozunguka bara kwa miguu katika ujana wake.

Tuangalie sasa mwali alikuwa akipata nini. Aliwekwa ndani siku kadhaa, na kule kuwekwa ndani kulikuwa kupumzika: hapiki, hateki maji. Alisingwa kila siku kwa liwa, karafuu, mlangilangi na maji ya mawaridi, na mkono uliomsinga ulijua wapi pamekaza. Alifundishwa kutumia viungo ambavyo msichana hajui kama anavyo. Alisikilizwa hofu zake na mtu mzima asiyekuwa mama yake, maana kwa mama mtu huona haya. Baada ya nikaha, katika fungate, somo alikuwa karibu bado. Mwili na moyo vilishughulikiwa pamoja.

Sisi tumefanya nini? Singo tumeinunua ndani ya pakiti. Somo tunamwita saa mbili, apigwe picha na sahani ya asumini. Mmoja wetu aliingia chumbani usiku wa harusi yake akiwa amepambwa mpaka kucha, na hajui lolote. Alilia mpaka alfajiri. Mumewe, kijana mwema, alikaa pembeni ya kitanda hajui aseme nini. Hakuna aliyewadhuru. Hakuna tu aliyewafundisha. Kwa hiyo bibi harusi wa leo akituambia anataka darasa la pumzi na viungo, anatafuta kitu kilichokuwa chake.

Na yoga yenyewe? Hofu ya wengi ni kwamba ni ibada ya Kihindu, na hofu hiyo haikutoka hewani, maana asili yake ni katika dini na falsafa za Uhindi. Lakini Waislamu waliichunguza zamani. Mwanachuoni al-Biruni alikitafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu katika karne ya 11, akakisoma kama msomi bila kuiacha dini yake. Na mazoezi mengi yanayofundishwa ufukweni leo si ya kale kama tunavyoambiwa. Kwa sehemu kubwa yalipata sura yake Mysore katika miaka ya 1930, kwa mwalimu Krishnamacharya, yakichanganyika na mazoezi ya viungo ya Ulaya. Mwanafunzi wake Indra Devi, mwanamke aliyezaliwa Riga, aliyapeleka Hollywood miaka ya 1940.

Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza yoga mwaka 2008. Mwaka uliofuata maulamaa wa Indonesia walikataza ile yenye maneno na taratibu za ibada ya Kihindu, wakaruhusu iliyo mazoezi ya viungo tu. Saudi Arabia iliitambua kuwa mchezo mwaka 2017, baada ya juhudi za mwanamke wa huko, Nouf Marwaai. Rai yetu inaegemea kwa maulamaa wa Indonesia: nyoosha viungo, vuta pumzi, acha maneno ya ibada isiyo yako, na iwe kwa wanawake peke yao, si ufukweni wanaume wakipita. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, asitutegemee sisi.

Ila tusilipe fedha za kigeni kwa kitu tulichokitupa jaani. Treni inayopita Gulwe, kusini ya Mpwapwa, ilijengwa na Wajerumani na ikafika Dodoma mwaka 1910. Tangu hapo miguu ya misafara ikaiacha njia ile, na sisi tukaacha kuuliza waliopita juu yake walikuwa nani. Somo mmoja wa Ng'ambo, mwenye miaka sabini na ushei, ametukubalia. Kila Alhamisi baada ya Asri anatufunda uani kwa mmoja wetu, mlango umefungwa, mikeka ni ya ukindu. Sharti lake ni moja: simu zibaki kwenye kikapu nje. Wiki ya kwanza tulikuja wanne. Wiki iliyopita tulikuwa kumi na moja, na wawili kati yetu waliolewa zamani sana.