Orodha ya Ngara na Amri Tatu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, na daftari lenyewe likiwa na uwongo?

Ndugu msomaji, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu waliokadiriwa kufika 250,000 waliikimbia Rwanda, wakavuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera na kuingia wilaya ya Ngara, inayopakana na Biharamulo. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa siku moja. Chakula hakigawiki bila kuhesabu walaji, na mwanzoni posho ilipitia mikononi mwa viongozi waliotoka nao Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo walioshiriki mauaji. Orodha zikajazwa majina hewa. Wenye nguvu wakalimbikiza, na mjane asiye na msemaji akapungukiwa.

Njia ya kusafisha orodha ilikwisha kujulikana. Mnamo 1973, katika maabara za Bell huko Marekani, mafundi wa kompyuta waliunganisha amri fupi fupi, kila moja ikipokea kazi ya mwenziwe. Amri ya kwanza yapanga majina kwa alfabeti, ili yanayofanana yakae pamoja. Ya pili yaondoa yaliyorudiwa. Ya tatu yahesabu yaliyobaki. Mstari mmoja tu, nao wafanya kazi ya makarani wengi.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mpango wa hatua kama huo huitwa algorithimu, kutokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad. Katika kitabu chake cha aljebra, cha karibu mwaka 820, aliweka hesabu za mirathi, ili kila mrithi apate fungu lake.

Lakini amri haioni nyuso. Wakiwamo kina Fatma binti Ali wawili, itamfuta mmoja, na wanawe watalala na njaa. Karani akiliandika jina moja mara kwa R na mara kwa L, mtu mmoja atakula posho ya wawili. Kwa hiyo yafaa kulinganisha pia jina la mama, kijiji na mwaka wa kuzaliwa; na kabla ya kumfuta mtu, aitwe aonekane.

Leo orodha nyingi za zahanati na shule zimo katika kompyuta, Ngara na Biharamulo kama Tanga na Mombasa. Mwanao akijifunza kuandika amri hizi, mfundishe na amana: kila jina lina mwenyewe.