Tovuti yangu inahama: kwanza tukumbuke njia

Muda niliolipia seva unaisha mwezi huu, kwa hiyo tovuti yangu inatafuta nyumba mpya. Wasomaji wangu wengi wako Kitui na Makueni, wanasoma kwa simu na bando dogo. Kabla ya kulinganisha bei, tupitie historia kidogo.

Hadi mwaka 2000, kampuni za intaneti za Kenya hazikuwa na mahali pa kukutana humu nchini. Data ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa nyingine ilipanda setilaiti, ikafika ng'ambo, ndipo ikarudi. Ni sawa na kutoka Kitui mjini kwenda Wote kwa kupitia London! Novemba 2000 kituo cha KIXP kikafunguliwa Nairobi ili kuziunganisha. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika, na baada ya wiki chache kikafungwa. Kilirudi Februari 2002.

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na ng'ambo ikawa karibu. Wengi wetu tukahosti Marekani kwa sababu ya bei. Lakini Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na kurasa za mbali zikasuasua.

Basi swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni hili: seva iko wapi, na imeunganishwa na KIXP? Bei ni la pili. Na nakala ya tovuti nitabaki nayo mwenyewe.

Nyinyi je, mnahosti wapi?