Paka wa Ghala na Macho ya Watazamaji



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, watoto watatu walimfunga paka kopo la rangi mkiani kwa waya, kisha wakamwachia akimbie katikati ya watu waliokuwa wakitoka kanisani. Kopo lilipogonga ngazi paka alizidi kuchanganyikiwa, na watu wakacheka. Wengine waliinua vitenge vyao wasiparuzwe, wakaendelea na mazungumzo. Nasi tuliona. Kulikuwa na wachumba waliokuwa wakitusubiri ofisini. Tukajiambia kuwa hayo ni mambo ya watoto, tukapita. Bibi mmoja ndiye aliyemfuata yule mnyama hadi nyuma ya vyoo, akamfunika kwa khanga yake na kuufungua ule waya, huku mikono yake ikitoka damu kwa makucha.

Jioni tuliuliza paka yule ni wa nani. Tukajibiwa kuwa ni wa ghala. Ililetwa taarifa kwetu, ambayo tulikuwa tumeisahau, kwamba parokia yenyewe ndiyo iliyomtafuta miaka mitatu iliyopita, wakati magunia ya mahindi yalipokuwa yakitobolewa na panya. Mahindi yaliuzwa, ghala likabaki tupu, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwekea hata maji. Alikuwa amegeuka paka asiye na mwenyewe bila kuvuka ua wetu.

Habari za paka wa ghala si mpya katika historia, na wala si habari za kujivunia kwetu sisi Wakatoliki. Katika mji wa Ieper, nchini Ubelgiji, palijengwa jumba kubwa la wafanyabiashara wa vitambaa katika karne ya 13. Humo ndimo sufu na vitambaa vilimohifadhiwa kabla ya kuuzwa, na yasemekana paka waliwekwa humo ili panya wasiharibu mali. Bidhaa zilipokwisha kuuzwa, paka waliokuwa wamezaana hawakuhitajiwa tena. Basi, kwa karne kadhaa, paka hai walirushwa kutoka juu ya mnara wa kengele wa jumba hilo, umati ukiwa umekusanyika chini. Siku iliyozoeleka kwa tendo hilo ilikuwa Jumatano ya juma la pili la Kwaresima. Tafadhali, msomaji, rudia sentensi hiyo. Watu waliopakwa majivu wiki mbili tu zilizotangulia walisimama uwanjani wakiangalia juu.

Sababu nyingine hutajwa pia, kwamba paka alihusishwa na uchawi, hivyo kumrusha kulikuwa ni kuonyesha kwamba mji umeachana na mambo ya kishetani. Hatushangai. Hapa kwetu nako paka mweusi akikatiza njia usiku hutafutiwa jiwe kabla ya kutafutiwa kosa.

Huko Paris mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika mkesha wa sikukuu ya kuzaliwa kwake Mtakatifu Yohane Mbatizaji, tarehe 23 Juni, moto mkubwa uliwashwa katika uwanja wa Place de Grève, mbele ya ukumbi wa mji. Paka walitiwa ndani ya kapu, pipa au gunia, wakatundikwa kwenye nguzo ndefu juu ya moto ule, wakateketea wakiwa hai. Watu waliokota majivu na makaa wakayapeleka nyumbani, wakiamini kuwa yanaleta bahati njema. Wafalme wa Ufaransa walihudhuria mara nyingi. Mwaka 1648 Louis XIV, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka kumi, alivikwa taji la maua ya waridi, akauwasha moto huo kwa mkono wake, akacheza, kisha akaenda kula karamu ukumbini.

Tumejiuliza mara nyingi ni watu gani hao. Hatuamini kuwa walikuwa na mioyo ya pekee ya ukatili. Walikuwa waoka mikate, washona viatu, akina mama wenye watoto mgongoni, na bila shaka makleri wenzetu. Aliyelifunga gunia alikuwa mtu mmoja au wawili. Wengine wote walikuja kutazama tu. Lakini bila wao sherehe isingekuwapo, kwa maana hakuna anayechoma paka hadharani mahali pasipo na hadhara.

Hapa inatupasa kusahihisha jambo linalosambazwa sana katika simu zenu, hata na wasomi. Husemwa kwamba Papa Gregori IX aliamuru paka wauawe kote Ulaya, na kwamba kwa sababu hiyo panya walizagaa, ndipo ikaja ile tauni kuu ya karne ya 14. Ni kweli kwamba barua yake ya mwaka 1233, iitwayo Vox in Rama, inasimulia madai ya ibada za wazushi wa Ujerumani, na paka mweusi anatajwa humo. Lakini amri ya kuwaua paka haimo. Na ile tauni haikuwachagua waliowatesa paka: mwaka 1348 iliukumba hata mji wa Kairo, ambako paka alitunzwa vizuri kuliko mahali popote pa Ulaya. Tunalisema hili si kwa kulitetea Kanisa. Mtu akiisha kumtwika Papa mmoja lawama yote, wale waliojaa uwanjani Ieper na Paris wanaondoka mikono mitupu, wakati wao ndio tunaofanana nao.

Tumetaja Kairo. Sultani Baybars, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani iwe wakfu kwa ajili ya kuwalisha paka wa mji ule wasio na wenyewe. Karne zilipita, bustani ikauzwa na kuuzwa tena, hata mapato yake yakawa si kitu. Hata hivyo Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake juu ya desturi za Wamisri kilichotoka mwaka 1836, anaeleza kwamba paka walikuwa bado wakilishwa kila alasiri katika ua wa mahakama, kwa gharama ya kadhi, na kwamba wenyeji waliotaka kuachana na paka wao waliwapeleka na kuwaachia hapo. Jirani zetu Waislamu wanayo haki ya kutukumbusha jambo hilo.

Ule ukatili wa Ulaya ulikomaje? Haukukoma kwa siku moja, na mahali pengi ulikoma kwa sababu mtu mmoja alichoka kutazama. Katika mji wa Metz, ambako nako paka walichomwa katika moto wa Mtakatifu Yohane, inakumbukwa kwamba desturi ilisimamishwa katika karne ya 18 kwa maombezi ya mke wa gavana. Huko London mchoraji William Hogarth alichapa mwaka 1751 picha nne za bei nafuu ili hata maskini wazipate. Ya kwanza inaonyesha wavulana barabarani wakitesa mbwa na paka. Ya mwisho inaonyesha mmoja wao, ambaye amenyongwa kwa kosa la kuua mtu, akipasuliwa mbele ya madaktari. Mwaka 1824, katika mji huo huo, mchungaji wa Kianglikana Arthur Broome aliongoza kuundwa kwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliacha kazi yake ya parokia kwa ajili hiyo, na mwaka 1826 akafungwa gerezani kwa madeni ya chama. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1822 ililinda ng'ombe, farasi na kondoo, lakini paka alingoja hadi 1835. Paka huwa wa mwisho kila mara, kwa kuwa hana bei.

Fundisho la Hogarth lilikwisha kutolewa na Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba anayezoea kumtesa mnyama atafika kwa mwanadamu. Ni kweli, lakini peke yake halitutoshi, kwa sababu linamfanya paka kuwa kama zoezi tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inakwenda mbele zaidi: wanyama ni viumbe wa Mungu, anawazungushia uangalizi wake, na sisi tunawiwa wema kwao. Namba hizo hizo zaonya pia tusiwatumie fedha zinazopaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Wapo watakaoishika sentensi hiyo ya pili na kutuuliza, "Padre, watu wana njaa, nawe unatuletea paka?" Swali ni halali. Lakini kuufungua waya hakukumgharimu bibi yule hata senti moja, wala hakuna yatima aliyekosa uji kwa sababu ya bakuli la maji.

Nchini kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Italia ina sheria namba 281 ya mwaka 1991 inayokataza kuwaua ovyo paka wasio na wenyewe. Roma ilifika hapo baada ya miaka mingi ya akina mama wazee waliobeba mabaki ya chakula hadi kwenye magofu, kama yale ya Torre Argentina alikouawa Julius Caesar, huku wapita njia wakiwacheka. Ieper nako paka hai wa mwisho alirushwa mwaka 1817, na husimuliwa kwamba aliangukia miguu yake akakimbia asionekane tena. Tangu mwaka 1938 wanarusha paka wa vitambaa, na watoto hugombania kuwadaka.

Jumamosi tuliwaita wale watoto watatu ofisini. Walitusalimia kwa adabu, wakasimama wakiangalia sakafu. Tuliwauliza kwa nini walifanya vile. Wawili walinyamaza. Wa tatu, aliye mdogo kuliko wote, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Padre, mbona hata wewe ulituona ukapita?"

Tulikosa jibu. Tulichukua bakuli la plastiki lililokuwa dirishani, tukaenda nao bombani, kisha ghalani.